Mtu Afike Kabla ya Ukurasa

Editha mwanangu,

Begi lako la safari ya chuo liko mlangoni na wewe umeshalala, au unajifanya umelala kama ulivyozoea kufanya ulipokuwa mdogo. Habari za blanketi, za chakula cha njiani na za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako, bibi yako amekueleza tangu juzi, kwa Kimatengo na kwa Kiswahili. Nikiongeza zangu utachoka bure. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza jioni tukiosha vyombo. Uliuliza kwa sauti ndogo, macho yako yakiwa kwenye beseni: "Mama, nikiwa kule Dodoma, nitajuaje?"

Nilijua unauliza nini, nikajifanya sijui. Nikasema utajua mambo yote, simu zipo. Ukasema, "Sawa," ukaendelea kusuuza sahani.

Ulikuwa unauliza siku msiba ukitokea hapa nyumbani nani atakuambia, na kwa maneno gani. Una haki ya kuuliza. Habari ya kifo cha baba yako hukupewa na mimi wala na ndugu yeyote. Ulipewa na ukurasa wa ofisi yangu, na tangu siku hiyo jambo hili tumekuwa tukilizunguka kama watu wanaozunguka shimo lililo katikati ya uwanja. Nikianza kulisema mdomoni nakumbuka kwamba kuna kitu jikoni kinaungua. Kwenye karatasi siwezi kukimbilia jikoni.

Nianzie mbali kidogo, kwenye kazi yenyewe, maana wewe umeiona tu kama mwanga wa simu usoni kwangu wakati wa chakula.

Nilipoajiriwa kuwa afisa habari wa halmashauri ulikuwa chekechea. Nilikuzaa nikiwa binti mdogo, nikasoma huku bibi yako akikulea Mkumbi, nikarudi na shahada na hamu kubwa ya kuonekana nimesoma. Nilikuta ofisi imeagizwa iwe na ukurasa kwenye mitandao ya kijamii, na hakuna aliyejua ukurasa huo ni wa kazi gani. Wa kwanza ulikuwa umefunguliwa na mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Muda wake ulipoisha akaondoka, na neno la siri akaondoka nalo. Mkurugenzi wa wakati ule alitaka aandikiwe barua rasmi, yenye kumbukumbu namba, arudishe mali ya serikali. Barua haikujua imwendee wapi. Ukurasa ule upo mpaka leo, umeandikwa "Karibuni sana" na kitu kingine hakuna, na bado kuna watu wanauliza humo habari za vyeti vya kuzaliwa.

Nikafungua mwingine. Nikawa naweka kile ambacho wakubwa walipenda kukiona: kiongozi akikagua, kiongozi akisisitiza, kiongozi akipanda mti. Baba yako, bwana shamba wa halmashauri hiyo hiyo, alinitania sana. Alikuwa akirudi kutoka kwa wakulima wake wa kahawa, buti zimejaa tope, anasimama pale mlangoni na kunyooshea paa kidole. "Mama Editha, nipige picha, nakagua." Wewe ulikuwa unacheka hata kabla hujaelewa anachosema.

Chini ya picha zile kulikuwa na mama mmoja aliyeuliza swali lile lile kila wiki: dawa za presha kwenye zahanati ya kwao zimefika? Sikumjibu. Sikuwa namdharau. Jibu lilikuwa la mganga wa zahanati, na mganga alihitaji ruhusa ya mkurugenzi, na ruhusa ikija swali limeshazama chini ya picha nyingine. Siku moja, chini ya picha ya kiongozi anayemwagilia mche, aliandika: "Mti umepata maji, mama yangu bado hajapata dawa. Dada unayeshika hiyo simu, nijibu wewe kama wewe."

Nilihisi kama mtu amefungua mlango nikiwa nimejificha nyuma yake. Sikuwahi kufikiri kwamba huko nje kuna mtu anayejua kuna mimi. Nikapiga simu zahanati mwenyewe, nikamjibu: zimefika leo, mwambie mama aje na kadi yake. Akaandika: "Asante. Mimi niko Mwanza. Nampigia sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu. Nilikuwa nadhani nawaandikia watu wa Mbaha na Kingerikiti. Kumbe kwetu Mbaha, kule Ziwa Nyasa, wengi wana simu za vitufe, na wenye simu kubwa bando limekwisha. Waliokuwa wanausoma ukurasa ni wale walioondoka. Wako Mwanza, wako Tunduma, wako Dar es Salaam. Wanafungua ukurasa wetu kwa hamu ya nyumbani, kisha wanapiga simu. Tangazo linatoka ofisini kwetu, linakwenda mpaka Dar es Salaam, halafu linarudi ziwani kwa sauti ya mtoto ambaye mama yake anamwamini kuliko mkurugenzi yeyote. Nikaanza kumwandikia huyo mtoto. Sentensi fupi, ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye simu mama akaishika: gari la chanjo, mahali, siku, aje na nini. Na maneno hayo hayo nikawa nayapeleka kwa katekista huku milimani na kwa mwinjilisti kule ufukweni, yasomwe baada ya ibada, kwa ajili ya wale wasio na mtoto wa kuwapigia. Semina nilizohudhuria baadaye ni nyingi. Sikutoka na kitu kikubwa kuliko hicho.

Nilijivuna, Editha. Niliona nimeielewa kabisa kazi hii.

Kisha akafariki dereva mmoja wa ofisi. Tukakaa kimya tukisubiri kibali cha kutangaza, na tukiwa kimya makundi ya simu yakawaua na wengine ambao hawakuwa wamekufa. Mhasibu wetu alikutana na watu sokoni wanamshika mkono kumhakiki, wakisema kumbe upo. Nikaapa haitatokea tena. Nikaandika utaratibu: mtumishi akifariki, tanzia iende hewani papo hapo, kabla ya uvumi. Nikatunga na maneno kabisa, nikaacha nafasi ya jina na nafasi ya cheo. "Amelitumikia taifa kwa uadilifu na atakumbukwa kwa mchango wake." Maneno yasiyomfaa mtu yeyote, ili yamfae kila mtu. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watumishi wote.

Kuhusu ubaya wa ukimya sikuwa nimekosea, na mpaka leo naamini hivyo. Nilichokosea ni kwamba niliwafikiria wale wote watakaouliza, nikawasahau wale ambao bado hawajaambiwa.

Na hili nililijua tangu utoto. Upande wa baba yako Mkumbi, na upande wangu Mbaha, hakuna anayempa mtu msiba wake kwa simu. Anatumwa ndugu. Ndugu anafika, anasema fulani anaumwa kidogo, twende. Mtu anasafirishwa mpaka uwanjani kwao, shangazi zake wanampokea, wanamshika, ndipo anaambiwa. Nikiwa nimetoka chuoni niliwahi kumwambia baba yako kwamba ule ni uongo tu, umezoeleka. Alikuwa anafunga kamba za buti. Akasema, "Si uongo. Wanatafuta mikono kwanza." Nikamwona wa kizamani.

Ile siku mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alikuwa anatoka Kingerikiti na pikipiki ya ofisi, kwenye mteremko. Mimi nilikuwa hospitali, simu yangu hata sijui ilikuwa mkononi mwa nani. Baba yako mdogo Kolumba alipewa kazi ya kukufuata shuleni Songea. Ofisini, Osmundi wa kompyuta akafungua maneno yangu, akajaza jina, akajaza cheo, akabonyeza. Alifanya kama nilivyomfundisha. Ukurasa ulifika kwako wakati Kolumba bado anatafuta gari hapa Mbinga.

Umenisimulia mara moja tu, na sikuwahi kukuomba urudie. Msichana wa darasa lenu alikuja akasema, "Pole, Editha." Ukamuuliza, "Pole ya nini?" Akaziba mdomo kwa mkono. Ukaenda kwa matroni, ukamwomba simu yake, naye akakupa kwa kuwa hakuwa amesikia. Ukasoma mwenyewe, umesimama.

Kisha Kolumba akafika. Ukamwamkia shikamoo. Akasema baba anaumwa kidogo, twende tukamwone. Ukasema, "Sawa." Njia nzima alikupigia hadithi za mbuzi wake. Akasema madaktari wa siku hizi ni wazuri, huenda wakamhamishia hospitali kubwa. Akakununulia hindi la kuchoma, ukalila. Mlipofika, shangazi zako waliinuka wote na mikono yao, wewe ukawapita, ukaja mpaka nilipokaa, ukaniambia sikioni: "Nilijua, mama. Nilimwacha baba mdogo aseme tu."



Baada ya arobaini niliufungua ukurasa nikaisoma tanzia ile. Nilikutana na sentensi zangu zikiwa na jina lake ndani. Nilitafuta mahali alipo, sikumwona. Alikuwa kwenye neno moja tu ambalo Osmundi aliliongeza mwishoni kwa akili yake: "Alikuwa mcheshi." Hilo sikumfundisha mimi.

Osmundi alikuja msibani na sukari kwenye mfuko, akabaki pale kwenye ua, hasogei. Nikamfuata. "Dada, mimi ndiye niliyebonyeza," akasema. Nikamwambia alibonyeza maneno yangu. Tukasimama hapo mpaka mtu akaja kumpokea mfuko. Watu walidhani nitaomba ahamishwe. Leo neno la siri la ukurasa ule tunalo wawili tu, mimi na yeye, na sijui mtu mwingine ambaye ningelala usingizi akiwa nalo.

Lakini kosa linalonirudia si utaratibu ule. Ule niliuandika bila kujua utamwangukia nani. Linalonirudia ni la siku ile uliyokuja likizo, ukanikuta nimeanika nguo, ukaniomba niifute tanzia. Nikakujibu: "Haiwezekani, ile ni kumbukumbu ya ofisi." Nilikuwa nakutazama usoni nikisema hivyo. Ulimwomba mama yako, akakujibu afisa habari. Kila siku tangu hapo nimeona jinsi kazi hii inavyoweza kumpa mtu sauti isiyo yake, na akaizoea, na akaipeleka nyumbani bila kusikia tofauti. Ukija kupata kazi yenye sauti ya namna hiyo, uwe unajisikiliza.

Ofisini nilirudi nikaubadilisha utaratibu. Hakuna tanzia mpaka familia yenyewe iseme wahusika wameshafikiwa na mtu. Mkurugenzi wa sasa hakupenda. "Watatutangulia," akasema. "Tutaonekana tumelala." Nikamjibu kwamba watutangulie, kwetu watu hawaji kutafuta habari ya kwanza, wanakuja kuhakikisha. Akaniuliza kama naweza kuliweka hilo kwa maandishi. Nikaliweka.

Usidhani nimekuwa mwoga wa haraka. Maji yakichafuka, barabara ikikatika, chanjo ikiahirishwa, simsubiri mtu. Nimewahi kuitwa na kukaripiwa kwa kutangaza kabla ya saini, nikakaa, nikasikiliza, nikatoka, na sijutii. Habari ipi iende mbio na ipi isubiri, sina kanuni ya kukupa. Huwa najiuliza tu anayesoma yuko wapi, na nani amesimama karibu naye.

Msimu uliopita nilimwambia Kolumba kwamba ile siku ulikuwa unajua. Alikuwa shambani anachuma kahawa. Akaacha kuchuma. Halafu akasema, "Kwa hiyo safari ile yote mtoto ndiye alikuwa ananibeba mimi." Akarudi kwenye kuchuma, na nikaona anatia mbivu na mbichi kwenye debe moja, yeye ambaye humgombeza mtu kwa punje moja ya kijani.

Tanzia bado ipo. Mwanzoni niliiacha kwa ubishi wangu. Baadaye nilishuka nikasoma yaliyoandikwa chini yake, na nikaona ni matanga ya watu walioshindwa kufika uwanjani kwetu. Yupo mmoja wa Mbeya anayesema baba yako alimshauri mzee wake akate mibuni ya zamani ichipue upya, mzee akanuna muda mrefu, mavuno yalipokuja akamletea jogoo. Yupo dada aliyemkuta anasukuma pikipiki kwenye tope huku anaimba Kinyasa kibaya kabisa, akidai mke wake ndiye kamfundisha. Huna lazima ya kuyasoma. Lakini ombi lako la siku ile nalijibu upya, na safari hii anayejibu ni mama yako. Ukisema nifute, nitafuta, sitauliza kwa nini. Hata kesho, hata ukiwa ndani ya basi. Ukitaka ikae, itakaa. Ni yako kuliko ilivyo ya ofisi.

Sasa swali lako.

Utajua kwa sauti yangu. Nitakupigia mimi mwenyewe, na sitasema mtu anaumwa kidogo kama haumwi kidogo. Kwanza nitakuuliza uko na nani. Ukiwa peke yako nitakuambia wazi kwamba kuna habari, ni mbaya, na sitaitamka mpaka shangazi yako Generosa afike hapo ulipo. Utakasirika, utanililia nikuambie. Nitabaki kwenye simu, sitakata. Hutadanganywa tena, na hutaachwa umesimama peke yako tena. Baba yako angeniambia kwamba hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, kama ningemuuliza badala ya kumcheka.

Na ikiwa habari yenyewe ni yangu, atakupigia Kolumba. Amekubali kusema ukweli, ila ameomba nisimharakishe kwenye jambo hilo. Osmundi anajua kwamba ukurasa utanyamaza mpaka sauti yako isikike upande wa pili, hata mkurugenzi akimsimamia kichwani.

Limebaki moja, na ndilo lililonikosesha usingizi. Generosa ni binamu ya baba yako, ana mgahawa hapo Dodoma, anaongea kuliko redio. Nilipomwomba awe ndiye wa kuja kwako nikaona hatari yake: akija siku ya msiba tu, utaishi ukiogopa kila hodi. Kwa hiyo nimemwomba awe anakuja mara kwa mara bila sababu. Akaniuliza, "Sasa wifi, niende kufanya nini?" Nikamwambia hakuna. Akale chakula chako kibaya cha chuoni, alalamikie bei ya mkaa, aseme nywele zako hazijasukwa vizuri. Akacheka, akasema hayo ataweza.

Basi ukifungua mlango ukamwona, usimtazame usoni kutafuta kitu. Mwamkie, mpishe aingie.

Ataanza Jumapili hii. Hana habari yoyote. Anakuja kula tu.

Mama yako